Jicho, Kiendeshi na Bao: Kuhamisha Viungo vya Mashine Kongwe za Michezo ya Video

1.0 Utangulizi

Mji wa Uvira umebanwa baina ya Milima ya Mitumba na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na juu yake ziko nyanda za Itombwe na vilima vya Mulenge. Kifaa cha umeme kilichokwisha kutumika ng'ambo kikiletwa huko, aghalabu huwa kimepita reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma na kuvushwa kwa meli hadi bandari ya Kalundu, au kimepitia Bujumbura, iliyo umbali wa takriban kilomita 30. Safari hiyo ni ndefu kwa kipuri kimoja chenye uzito wa gramu chache. Tena kwa mashine ambazo kiwanda kimeacha kuziunda, mfano PlayStation 2 iliyokoma mwanzoni mwa mwaka 2013, kipuri kilicho karibu kuliko vyote ni mashine nyingine iliyokufa. Fundi huchukua kiungo cha maiti akampa mgonjwa.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyowezekana katika sehemu inayosoma diski, na kwa nini katika baadhi ya mashine haiwezekani. Suala hili linawahusu pia wanaisimu, kwa kuwa hasara nyingi hapa huanzia katika neno. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini Kifaransa ndicho lugha rasmi na ndicho kinachotawala masomo ya ufundi. Neno la Kifaransa lecteur, yaani "msomaji", hutaja mashine nzima inayocheza diski, na hutaja pia kile kisanduku kilichomo ndani yake. Mteja anayeambiwa kuwa msomaji wa mashine yake umeharibika hajui kama amepoteza kitu kizima au kipande chake. Kwa Kiswahili, maneno matatu yanatosha kuondoa utata huo. Kiendeshi ni kisanduku kizima chenye mota, gia na trei. Jicho ni kile kijisehemu chenye leza na lenzi kinachotembea juu ya reli. Bao ni saketi inayokiendesha kiendeshi na kuzungumza na bao kuu la mashine. Neno lenzi halifai kushika nafasi ya jicho, maana lenzi ni kioo tu, na kioo aghalabu ni kizima hata pale jicho linapokuwa limekufa.

2.0 Jicho lisilo na uraia

PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani kuanzia tarehe 3 Desemba 1994, na Marekani na Ulaya mwaka 1995. Matoleo yake ya awali yalitumia jicho lililoitwa KSM-440AAM, ambalo kigari chake, yaani kile kinachobeba lenzi, kilikuwa cha plastiki. Kigari hicho kilisuguana na reli, kikalika upande mmoja zaidi ya mwingine, na hatimaye jicho likainama. Aidha, jicho liliwekwa karibu na sehemu inayopokea umeme, na joto lake likaharakisha uchakavu. Ndiyo maana wenye mashine hizo walizipindua juu chini ili zisome. Jambo hilo lilionekana kama uganga, kumbe uzito wa kigari ulikuwa unahamia upande usiolika. Baadaye kiwanda kilitengeneza kigari cha chuma na kulisogeza jicho mbali na joto.

Kwa fundi wa Uvira, habari njema ni kwamba jicho halina uraia. Mashine hizo zilizuiwa kusoma diski za bara jingine, lakini kizuizi hicho kimo katika bao kuu. Jicho lenyewe hupeleka tu mwanga na kupokea mwangwi wake. Kutokana na hali hiyo kuna jambo la kushangaza kidogo. Umeme wa Kongo ni wa volti 220. Mashine iliyoundwa kwa ajili ya Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni ya volti 120. Ikichomekwa ukutani bila kipunguza volti, sehemu ya kupokea umeme huungua papo hapo, huku jicho likibaki salama mara nyingi. Mashine iliyouawa na ukuta ndiyo mtoaji bora wa viungo, kwa kuwa haikuzeeka bali iliuawa.

Kazi yenyewe ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni herufi zilizo mwishoni mwa jina la jicho. Herufi hizo si mapambo, kwani jicho la tolea moja laweza kutofautiana na la tolea jingine kwa umbo au kwa mahitaji ya umeme. Lililo salama ni kulinganisha kibandiko cha jicho kuukuu na cha jicho jipya. Mtego wa pili humpata anayenunua jicho jipya dukani. Jicho hilo huja na tone dogo la lehemu lililounganisha nukta mbili ili umeme tuli wa mikono usiiue leza. Tone hilo huondolewa baada ya waya bapa kuunganishwa. Asiyelijua huliacha, jicho haliwaki, naye husema amepunjwa.

Kuna pia ile skrubu ndogo inayorekebisha mkondo wa leza. Kuizungusha ili leza ing'ae zaidi huifufua mashine kwa muda, na kwa sababu hiyo wengi huiona kuwa ni dawa. Lakini leza iliyochoka ikiongezewa mkondo huchoka upesi zaidi. Fundi mwaminifu humweleza mteja hivyo kabla ya kupokea malipo.

PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilileta utata wa namna nyingine. Jicho lake lina leza mbili: ya CD, yenye mawimbi ya nanomita 780, na ya DVD, yenye nanomita 650. Moja yaweza kufa na nyingine ikaishi. Diski za CD za mashine hiyo zina tumbo la rangi ya buluu. Zikisomwa na zile za fedha zisisomwe, kasoro imo ndani ya jicho, na hakuna haja ya kugusa mota wala gia.

3.0 Bao lenye mwenzi

Mashine ya Xbox ya mwaka 2001 ilitumia viendeshi vya viwanda mbalimbali, vikiwemo Thomson, Philips na Samsung. Kiendeshi kizima chaweza kutolewa katika Xbox moja kikatiwa katika nyingine bila swali. Jicho la Thomson, hata hivyo, halikai katika kiendeshi cha Samsung. Katika Xbox 360, iliyotoka mwaka 2005, kanuni imepinduka. Bao la kiendeshi limepewa ufunguo wa siri unaolingana na ule ulio katika bao kuu, na kila mashine ina wake. Kiendeshi kigeni kitafungua trei, na mara nyingi kitacheza hata filamu, ila mchezo hakitauendesha. Kinachohamishika ni jicho na mitambo, madhali kiendeshi ni cha aina ile ile na bao la asili limebaki mahali pake.

Hapo ndipo utata wa msamiati unapogharimu fedha. Agizo la "badilisha msomaji" ni sahihi kwa Xbox ya 2001 na ni la upotevu kwa ile ya 2005. Anayelitii na kulitupa bao la zamani ameua mashine iliyohitaji jicho tu. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ina kanuni hiyo hiyo. Bao la namna hiyo lastahili jina lake, na bao mwenzi lingefaa, kwa kuwa mwenzi wake ni mmoja.

Ikumbukwe kwamba ufunguo huo hausaidii diski kusomwa. Uliwekwa kuzuia nakala zisizo halali. Mnamo Oktoba 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliidhinisha kuvunjwa kwa kizuizi hicho kwa ajili ya kutengeneza viendeshi vya mashine za michezo, kwa sharti kwamba kizuizi kirejeshwe baadaye. Ruhusa hiyo ni ya sheria za Marekani. Haikumpa fundi ufunguo wenyewe wala kifaa cha kuunakili, na kwa aliye kando ya Tanganyika, kulitunza bao la asili kumebaki kuwa njia iliyo rahisi zaidi.

Mwezi Novemba 2023 ilitoka PlayStation 5 ambayo kiendeshi chake hung'olewa kwa mkono, bila bisibisi. Urahisi huo ni wa nje tu, kwani kiendeshi hicho hakifanyi kazi hadi mashine ikisajili kwa intaneti mara ya kwanza. Atakayeipandisha mashine hiyo mahali pasipo mtandao, Mulenge au kwingineko, hana budi kuviunganisha viwili hivyo mjini kabla ya kuondoka.