Kumtafuta Babu Asiyejulikana: Majina, Lugha na Kumbukumbu za Ayalandi

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, mtu ambaye asili ndiyo iliyomwacha afanye nini? Uingereza, Marekani na Australia wapo watu wengi wanaojua jambo moja tu juu ya babu yao: alitoka Ayalandi. Hawajui kijiji wala mwaka wa kuzaliwa, na pengine jina wanalolijua si lile alilobatizwa nalo.

Kwa baadhi yao hili si suala la udadisi tu. Sheria ya Ayalandi inamruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa hicho kuomba uraia, mradi alete cheti cha kuzaliwa cha mzee huyo. Akileta cheti cha mtu mwingine mwenye jina hilohilo, ombi lake halitasimama. Hata asipoomba chochote, atakuwa amejitwalia ukoo usio wake na kuwarithisha watoto wake.

Makala haya yanaeleza jinsi msako huo unavyofanywa. Walimu na wanafunzi wa lugha wataona kwamba kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha.

Kuanza na linalojulikana

Kanuni ya kwanza ni kuanza na nafsi yako na kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Hati yenye manufaa makubwa hapa ni cheti cha ndoa ya mzazi, kwa sababu vyeti vya zamani vya Uingereza na Ayalandi huandika jina na kazi ya baba wa bwana harusi na ya baba wa bibi harusi. Babu ambaye hakutajwa kamwe nyumbani huweza kuwa amekaa hapo miaka yote, kazi yake kando ya jina lake.

Kumbukumbu zilizopo na zilizopotea

Usajili wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza Ayalandi mwaka 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilikuwa zikisajiliwa tangu 1845. Kwa miaka ya kabla ya hapo, tegemeo ni madaftari ya parokia. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliyaweka madaftari ya Kikatoliki kwenye intaneti mwaka 2015, na yanasomwa bila malipo.

Sensa zina hadithi ya kusikitisha. Nyingi za 1821 hadi 1851 ziliteketea tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu mjini Dublin liliposhika moto. Zile za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Kwa hiyo sensa za zamani zilizo kamili ni za 1901 na 1911, nazo pia husomwa bure.

Mtu mmoja, majina manne

Hapa ndipo watafutaji wengi hupotea. Katika Kiayalandi, Mac ni "mwana wa", kama bin kwetu, na Ó ni "mjukuu wa" au "uzao wa". Yaani neno mjukuu limo ndani ya jina lenyewe la ukoo. Mwanamume ni Ó Súilleabháin; binti yake ni Ní Shúilleabháin, na sauti ya kwanza ya jina hubadilika. Chini ya utawala wa Waingereza koo nyingi ziliacha Ó na Mac, na jina likabaki Sullivan. Mwishoni mwa karne ya 19, lugha ya Kiayalandi ilipoanza kuhuishwa, baadhi walizirudisha.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa kusini aitwaye Diarmaid. Kwa Kiingereza aliandikwa Jeremiah, ingawa majina hayo hayana uhusiano wowote wa maana. Padri aliyeandika kwa Kilatini alimwita Jeremias, na wenzake kazini walimwita Jerry. Atakayetafuta "Jerry" peke yake hatampata.

Ndivyo ilivyo pia kwa vijiji. Baile, yaani makazi, iliandikwa Bally-, na cill, yaani kanisa, iliandikwa Kil-. Kwa kuwa kisiwa kina vitongoji zaidi ya 60,000, jina lisiloeleweka vizuri huweza kumpeleka mtafutaji mbali na kwao.

Sensa zenyewe humsaidia msomaji wa lugha, kwa maana zina safu inayoonyesha kama mtu alizungumza Kiayalandi, ama peke yake ama pamoja na Kiingereza. Familia ya wazungumzaji haipaswi kuunganishwa na jina bila kwanza kuuliza jina hilo lilitamkwaje nyumbani.

Tahadhari ya umri

Umri nao hudanganya. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na wazee hao hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Basi si ajabu kumkuta mtu wa miaka 58 mwaka 1901 akiwa na miaka 72 mwaka 1911. Usimkatae kwa sababu hiyo. Linganisha mke, watoto na kitongoji.

Palipo kimya

Pengine nafasi ya baba katika cheti ni tupu. Hapo kipimo cha vinasaba husaidia: mtu hupata takriban asilimia 25 ya vinasaba vyake kwa kila babu, na watoto wa ndugu hushirikiana takriban asilimia 12.5. Matokeo hutoa orodha ya jamaa, nawe huuliza mnakutana kwa nani. Lakini kumbuka kwamba nafasi ile iliachwa tupu kwa sababu fulani, na huenda jamaa walio hai hawaijui siri hiyo. Bisha hodi kwa adabu.

Hitimisho

Tunapendekeza zoezi la darasani: kila mwanafunzi aandike jina la babu yake kama linavyotamkwa nyumbani, kama lilivyo kwenye kitambulisho, na kama lilivyoandikwa kanisani au msikitini. Tofauti zitakazoonekana zitamfundisha kwamba karani huandika alichosikia, nasi hatuna budi kujua alisikia kwa lugha gani.