Sungura Asiachwe Njiani

Ndugu msomaji, je, una mtoto aliye skauti? Kama unaye, umemwona akifunga skafu shingoni siku ya mkutano. Siku hiyo huamka kabla ya jogoo.

Lakini siku moja unaona skafu imetundikwa ukutani. Wiki inapita. Mwezi unapita. Unamwuliza, "Mbona huendi tena skauti?" Anajibu, "Nimeacha."

Nimeona watoto wengi wakiacha wakati wa kutoka kundi la wadogo kwenda kundi la wakubwa. Tuone sababu yake, na jinsi tunavyoweza kuwasaidia.

MAKUNDI MANNE

Hapa Kenya maskauti wana makundi manne. Wadogo kabisa huitwa Sungura. Wanaofuata huitwa Chipukizi, kisha Mwamba. Vijana wa miaka 18 na zaidi huitwa Jasiri. Wavulana na wasichana hukubaliwa. Mtoto hutoka Sungura na kuingia Chipukizi akiwa na miaka 11 hivi.

Makundi haya ni kama ngazi yenye vidato vinne. Mtoto akiteleza kwenye kidato cha kwanza, hatafika juu.

Skauti ilianza mwaka 1907 huko Uingereza. Robert Baden-Powell alipiga kambi na wavulana 20 hivi katika kisiwa cha Brownsea. Hapa Kenya skauti ilianza mwaka 1910. Huko Uingereza, watoto wadogo waliwaona kaka zao wakienda kambini. Nao wakataka kwenda. Ndipo mwaka 1916 kundi la wadogo likaanzishwa rasmi. Kwa hiyo, tangu mwanzo, kundi la wadogo ni mlango wa kuingilia kwa wakubwa.

Baden-Powell alifariki hapa Kenya mwaka 1941. Kaburi lake liko Nyeri.

KWA NINI WANAACHA?

Kwa Sungura, mtu mzima huwaongoza watoto karibu katika kila jambo. Michezo na hadithi ni nyingi. Kwa Chipukizi mambo ni mengine. Maskauti hugawanywa katika vikundi vidogo vya watu 6 hadi 8. Kiongozi wa kikundi ni kijana mwenzao. Hulala katika hema, hupika wenyewe na hutembea mwendo mrefu.

Jana mtoto alikuwa mkubwa wa wadogo. Leo ni mdogo wa wakubwa. Anaona aibu na hofu.

Mimi mwenyewe nilikosea. Ni afisa wa kilimo, na nilikuwa nikisaidia maskauti wa shule moja. Mwaka mmoja tuliwavusha watoto 7 kwa siku moja. Tuliwapigia makofi, tukawaambia, "Jumamosi ijayo nendeni kule kwa wakubwa." Muhula ulipoisha, walikuwa wamebaki 2.

Mmoja wa walioacha aliniambia, "Nilifika, hakuna aliyejua jina langu. Nikakaa chini ya mti mpaka mkutano ukaisha."

Maneno hayo yaliniuma. Kila msimu nawaambia wakulima wasing'oe mche kivulini na kuupanda kwenye jua kali la mchana. Na mimi niliwafanyia watoto jambo hilo hilo.

FANYA KAMA MKULIMA WA MICHE

Mkulima mzuri wa kabichi hupunguza kivuli cha kitalu kidogo kidogo. Mche huzoea jua. Kabla ya kung'oa, humwagilia kitalu ili mizizi itoke na udongo wake. Kisha hupandikiza jioni. Tuwafanyie watoto vivyo hivyo.

1. Anza mapema. Miezi mitatu kabla ya kuvuka, wapeleke Sungura kwenye mkutano wa Chipukizi. Waende zaidi ya mara moja. Wacheze na kupika pamoja.

2. Mpe mtoto mwenyeji. Chipukizi mmoja aje kwa Sungura mara kwa mara. Awafundishe jambo, kama kufunga kitanzi kisichokaza. Hicho hufaa hata kumfunga ng'ombe shingoni bila kumkaba. Siku ya kuvuka, Chipukizi huyo ndiye atakayempokea.

3. Wasivuke mmoja mmoja. Mche huenda na udongo wake. Marafiki wawili au watatu waingie kikundi kimoja.

4. Fanyeni sherehe. Wazazi waalikwe. Kiongozi wa Sungura ampeleke mtoto. Kiongozi wa Chipukizi ampokee kwa mkono wa kushoto, kama maskauti wanavyosalimiana. Jina la mtoto litajwe mbele ya wote.

5. Usimsahau baada ya sherehe. Mche uliopandikizwa unahitaji maji. Katika mkutano wa kwanza apewe kazi, hata kama ni kuchota maji. Asipoonekana mara mbili, mtu aende kwao kumwuliza.

KAZI YA MZAZI

Baba au mama, usiseme, "Sasa amekua, akae nyumbani achunge mbuzi." Kazi ya nyumbani ni muhimu. Lakini panga naye. Afanye kazi asubuhi, na alasiri aende mkutanoni.

Kabla ya kambi, mwulize kiongozi: Kambi iko wapi? Ni watu wazima gani watakaokuwa na watoto? Wavulana watalala wapi, na wasichana wapi? Watarudi lini? Usione haya kuuliza. Ni haki yako. Kama huna pesa za sare, mwambie kiongozi mapema. Usimfiche mtoto nyumbani.

USICHELEWE

Mwaka uliofuata tulifuata hatua hizi tano. Watoto 6 walivuka. Muhula ulipoisha, wote 6 walikuwapo.

Yule wa chini ya mti tulimfuata kwao. Mama yake alitukaribisha chai. Mtoto alitusikiliza kwa adabu, kisha akakataa kurudi. Tulikuwa tumechelewa.

Ndugu msomaji, wewe usichelewe. Kama Sungura wako anakaribia miaka 11, nenda ukaonane na kiongozi wake wiki hii.

JADILIANENI

1. Je, kijijini kwenu watoto huacha skauti wakiwa na umri gani?
2. Ni nani anayeweza kuwa mwenyeji wao?
3. Mtoto mgeni akija kwenye kundi lenu, nani humwuliza jina?