Usubi wa Rungwe hauishii machoni

Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, maji hayakuachi. Mto Kiwira na vijito vya Mlima Rungwe huteremka kwa kasi vikigonga mawe hadi Ziwa Nyasa, na maji ya mbio ya namna hiyo ndiyo mazalio ya usubi, inzi mdogo mweusi mwenye kibiongo. Jike huuma mchana kutafuta damu. Akimuuma mgonjwa wa maradhi ambayo nayo huitwa usubi, huchukua minyoo wachanga walio kwenye ngozi, na siku za baadaye humwambukiza mwingine.

Wengi wakisikia usubi huwaza upofu. Ni kweli, minyoo hao wakifia jichoni huacha kovu, na makovu yakilimbikana mtu huacha kuona. Lakini wagonjwa wengi wa huku kwetu wanaona vizuri. Kinachowatesa ni mwasho, na mwasho hauna fimbo nyeupe. Mtu hukesha akijikuna kwa kucha, kwa gunzi la mahindi, hata kwa jiwe. Asubuhi hana nguvu ya kushika jembe, na shambani anaitwa mvivu. Miaka ikipita, ngozi ya nyonga na mapaja husinyaa, na miundi hubaki na mabaka meupe ambayo waganga huyaita ngozi ya chui. Binti mwenye miguu hiyo havai sketi fupi, na posa humpita. Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi, ulioendeshwa kuanzia 1995 hadi 2015, ulifika nchi kama yetu kwa kiasi kikubwa kwa sababu watafiti walionyesha kwamba ngozi nayo huharibu maisha. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa ya macho.

Dawa ipo, ivermectin, na kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu ilipotangaza hivyo mwaka 1987. Mgawa dawa wa kijiji hukusimamisha kando ya kijiti chenye alama, kimo chako ndicho kinachoamua upate kidonge kimoja au hadi vinne, na mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Ila dawa huua minyoo wachanga tu. Mama yao hukaa kwenye kinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15 akiendelea kuzaa, kwa hiyo mwaka mmoja hautoshi. Tena siku za mwanzo mwasho huweza kuzidi na uso ukavimba, minyoo wakiwa wanakufa. Asiyeambiwa hilo mapema, mwaka unaofuata hujificha, na mimi simlaumu.

Je, mwasho ni ulemavu? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haitazami kiungo peke yake. Inahesabu pia vizuizi vinavyotokana na mitazamo ya watu. Kwa kipimo hicho mwenye mwasho ana haki ya kuhesabiwa, ingawa sijui ni afisa gani atakayemwandika mtu kwa sababu ya kujikuna.

Mwenye kifafa ana mzigo mzito zaidi. Huko Mahenge, ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa miaka ya 1960, na sehemu nyingine za Afrika, tafiti zimeonyesha kwamba penye usubi mwingi kifafa nacho huwa kingi. Namna minyoo wanavyohusika bado inachunguzwa. Kinachojulikana ni kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa jasho. Hata hivyo watu hurudi nyuma mgonjwa akianguka, hata akiangukia mafiga, na kovu la moto analobaki nalo si la ugonjwa, ni la woga wetu. Mwondoe penye moto au maji, mgeuze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko mdomoni. Degedege ikipita dakika tano, mkimbize hospitali. Vidonge vya fenobabitoni ni vya kila siku, na kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, hivyo arudi kliniki kabla havijamwishia.