Kusoma Mwenendo wa Gesijoto katika Kilimo na Ufugaji wa Rwanda: Idadi ya Ng'ombe, Tija na Kanuni za Hesabu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi gesijoto zitokanazo na kilimo na ufugaji zinavyohesabiwa, kwa kutumia mfano wa Rwanda. Yanabainisha kwamba kanuni rahisi ya hesabu huificha tija ya ng'ombe, na kwamba mabadiliko ya kanuni huweza kudhaniwa kuwa mabadiliko ya utoaji wenyewe. Makala yanapendekeza jumla ya utoaji na utoaji kwa kila kilo ya maziwa zitolewe taarifa kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2020 Rwanda iliwasilisha upya mchango wake wa kitaifa chini ya Mkataba wa Paris. Waraka huo ulikadiria kwamba utoaji wa nchi, bila kujumuisha misitu, ulikuwa takribani tani milioni 5.3 mwaka 2015, na kwamba ungefikia tani milioni 12.1 mwaka 2030 endapo hakuna hatua zitakazochukuliwa. Tani hizo ni za gesi zote zilizogeuzwa kuwa kiasi cha kabonidayoksaidi chenye uwezo sawa wa kuongeza joto. Lengo lililowekwa ni kupunguza asilimia 38 ya makadirio hayo ya 2030: asilimia 16 kwa uwezo wa nchi yenyewe na 22 kwa msaada wa nje. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya utoaji wa 2015 ilitokana na kilimo na ufugaji, ahadi hiyo kwa sehemu kubwa inapimwa zizini na shambani.

2.0 Chimbuko la ongezeko

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliteketeza pia sehemu kubwa ya mifugo. Kwa hiyo, mstari wowote wa utoaji unaoanzia miaka hiyo huanzia katika msiba, na kupanda kwake ni dalili ya kaya kurejea katika uzalishaji. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa Girinka, unaozipa kaya maskini ng'ombe wa maziwa. Anayepokea humpa jirani mtamba wa kwanza anayezaliwa. Mwaka 2007 ulifuata mpango wa kuongeza tija ya mazao, uliosambaza mbegu bora na mbolea za viwandani.

Mipango yote miwili ililenga lishe na kipato, na yote miwili ina gharama kwa hewa. Ng'ombe anapocheua hutoa methani. Samadi hutoa methani na naitrasi oksaidi. Mbolea nayo ina mchango wake: kwa kizidishi cha kawaida, asilimia moja ya naitrojeni inayowekwa shambani hupotea ikiwa naitrojeni ya naitrasi oksaidi. Kilo 100 za naitrojeni, kwa kiwango hicho, ni sawa na kilo 416 hivi za kabonidayoksaidi.

3.0 Kile ambacho kanuni rahisi haikioni

Mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi una ngazi tatu za hesabu. Katika ngazi ya kwanza, idadi ya ng'ombe huzidishwa kwa namba moja isiyobadilika. Kwa ng'ombe wa maziwa wa Afrika, namba hiyo ni kilo 46 za methani kwa mwaka, ikichukuliwa kwamba hutoa kilo 475 za maziwa. Kwa Ulaya Magharibi ni kilo 117, kwa kilo 6,000 za maziwa. Ng'ombe wa Ulaya, basi, hutoa methani mara mbili na nusu ya mwenzake. Lakini kwa kila kilo ya maziwa yeye hutoa gramu 20 hivi, na wa Afrika gramu 97.

Madhara yake kwa sera ni bayana. Mfugaji akilima majani bora na maziwa ya ng'ombe wake yakaongezeka maradufu, ngazi ya kwanza haitaona chochote, kwa kuwa idadi ya ng'ombe ni ileile. Nchi ikihamia ngazi ya pili, inayozingatia uzito, lishe na maziwa, ng'ombe huyohuyo ataonekana kutoa zaidi, kwa sababu anakula zaidi. Msomaji wa jumla pekee ataliita hilo kurudi nyuma.

4.0 Yaliyopita nayo hubadilika

Kizidishi cha kuigeuza methani kuwa kabonidayoksaidi kilikuwa 21 katika ripoti ya pili ya tathmini ya Jopo, na 28 katika ripoti ya tano, ambayo ndiyo inayotumika chini ya Mkataba wa Paris. Kilo 46 za methani, kwa hiyo, zimepanda kutoka kilo 966 hadi 1,288 bila ng'ombe kuongeza hata pumzi moja. Anayelinganisha ripoti ya zamani na mpya bila kurekebisha vizidishi atakuta ongezeko la theluthi moja lililozaliwa kwenye karatasi.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Kipimo cha utoaji kwa kilo ya maziwa hakipaswi kugeuzwa kichaka cha kujifichia. Angahewa hupokea jumla, si wastani. Tija huipunguza jumla pale tu maziwa yanayohitajika yanapopatikana kwa ng'ombe wachache kuliko ambavyo wangehitajika. Hata hivyo, jumla pekee ingeweza kuishauri serikali ipunguze ng'ombe wa kaya maskini badala ya kuwalisha vyema.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vipimo vyote viwili viwekwe katika jedwali moja. Pili, kila kanuni inapobadilika, mfululizo mzima wa miaka uhesabiwe upya. Tatu, takwimu za vituo vya kukusanyia maziwa ziunganishwe na hesabu za gesijoto, zikikamilishwa na sampuli za maziwa yanayonywewa nyumbani. Bila takwimu hizo, mafanikio ya zizini hayatafika katika ripoti ya taifa, na fedha zinazofuata ripoti hazitafika zizini.