Umoja wa Vyama: Hesabu ya Kura au Lengo la Wanyonge?

Katika madarasa ya itikadi hapa Ugweno, swali moja hujitokeza karibu kila mara. Makada vijana huuliza: vyama vinavyodai kusimama upande wa wakulima na wafanyakazi, je, viungane ili vishinde uchaguzi? Na je, sheria za uchaguzi zibadilishwe ili umoja huo uwezekane? Wengine huongeza: sisi wa chama kinachotawala hili linatuhusu nini? Umoja wa wapinzani si shauri lao wenyewe?

Jibu letu ni kwamba linatuhusu sana. Chama Cha Mapinduzi chenyewe ni mtoto wa muungano wa vyama, na mmoja wa wazazi wake aliwahi kupata kura nyingi na kunyimwa serikali. Na baada ya damu iliyomwagika katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, hakuna kada mwenye haki ya kulichukulia swali hili kuwa zoezi la darasani tu.

Umoja wa jambo gani?

Tuanze na historia ya milima yetu. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni ulileta Upare kodi ya kukadiriwa kwa mali ya kila mtu. Iliitwa mbiru, jina la ushuru wa zamani wa watawala wa jadi. Mwaka 1945 watu kwa maelfu waliteremka hadi Same, makao ya Wilaya, wakakaa huko kudai kodi hiyo iondolewe. Walikuwa chini ya machifu mbalimbali, na dini zao zilikuwa tofauti. Kina mama wa Usangi nao walijitokeza kuupinga mzigo huo. Hatimaye mkoloni aliiacha kodi ile.

Watu hao waliunganishwa na nini? Hawakuwa na chama cha siasa wala mgombea. Walikuwa na dai moja lililoeleweka kwa kila mkulima. Ni kama msaragambo: kila nyumba huja na jembe lake, lakini wote wanajua mfereji unaochimbwa unakwenda wapi. Msaragambo usiojulikana unajenga nini huisha kwa ugomvi wa nani ashike jembe lipi.

Hicho ndicho kipimo chetu cha kwanza. Muungano wa vyama hupimwa kwa jambo unalokusudia kuwafanyia wanyonge. Wingi wa bendera jukwaani hautoshi.

Somo la Zanzibar

ASP ilizaliwa tarehe 5 Februari 1957 kutokana na umoja wa Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi. Mwaka 1959 umoja huo ulimeguka, na baadhi ya viongozi wakaunda ZPPP. Ufa huo ulionekana mdogo, lakini katika uchaguzi wa Juni 1961 ASP ilipata viti 10, ZNP 10 na ZPPP 3. ZNP na ZPPP zikashikana mikono na kuunda serikali.

Julai 1963 jambo hilo lilirudi kwa ukali zaidi. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini katika viti 31 ikaambulia 13. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, na kwa viti 18 vya pamoja wakatawala wao. Kura za ASP zilirundikana kwa wingi katika majimbo machache, na za wenzao zilitawanyika vizuri katika majimbo mengi. Miezi michache baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mgawanyiko wa wanaotetea tabaka moja huwapa ushindi wengine. Pili, sheria ya uchaguzi inayoweza kuwaweka wengi nje ya serikali haileti amani; huahirisha tu mgogoro.

Linganisha na muungano wa TANU na ASP. Mwalimu Nyerere alilitoa wazo hilo mwaka 1975. Wanachama wakalijadili katika matawi, na tume ya watu 20, kumi kutoka kila chama, ikaandaa Katiba ya chama kipya. CCM ikazaliwa tarehe 5 Februari 1977. Ni kweli kwamba hapakuwa na mpinzani wa kushindana naye. Lakini utaratibu wake unabaki kuwa funzo: lengo lilitangulia, wanachama wakafuata, na vyeo vikaja mwisho.

Muungano wa hesabu

Sasa tuwatazame majirani. Nchini Kenya mwaka 1992, Daniel arap Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, kwa kuwa wapinzani wake Matiba, Kibaki na Oginga Odinga waligawana zaidi ya asilimia 60. Mwaka 2002 wapinzani waliungana katika NARC, na Kibaki akapata asilimia 62. Basi umoja hushinda! Lakini makubaliano yao yalihusu zaidi mgawanyo wa vyeo. Ilipofika kura ya maoni ya Katiba mwaka 2005, wenzi hao walikuwa pande mbili zinazopingana.

Kwetu sisi, UKAWA ilianza vizuri zaidi. Aprili 2014 CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi walitoka katika Bunge Maalum la Katiba wakitetea Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba. Kukubali au kukataa msimamo wao ni jambo jingine. Walikuwa na dai linaloeleweka. NLD nayo ikajiunga. Mwaka 2015 dai hilo lilifunikwa na mgombea. Edward Lowassa alitoka CCM mwezi Julai na kupeperusha bendera yao. Dkt. Slaa akajiweka kando, na Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Lowassa alipata karibu asilimia 40, na hapa mkoani kwetu Vunjo ikaenda NCCR-Mageuzi na Same Mashariki ikaenda CHADEMA. Kwa hesabu, muungano ulifanya kazi. Kwa itikadi, ulikuwa mtupu: CHADEMA ilikuwa na uhusiano na vyama vya kihafidhina vya dunia, CUF na vya kiliberali. Baadaye CUF ikapasuka, na Machi 2019 Lowassa akarudi CCM.

Je, sheria ibadilishwe?

Wako wanaosema: kwa kuwa miungano hii huvunjika, sheria iachwe ilivyo. Hapa tunakataa.

Hadi mwaka 2000 Katiba yetu ilimtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura. Marekebisho ya mwaka huo yaliruhusu ushindi wa kura nyingi tu kuliko wengine. Matokeo yake ni nini? Vyama vinalazimika kuungana kabla ya kura, mara nyingi vyumbani, kwa kugawana majimbo na vyeo. Kama kungekuwa na duru ya pili, kila chama kingesimama kwanza na itikadi yake mbele ya wananchi, kisha kieleze hadharani kinamuunga mkono nani na kwa sharti gani. Vivyo hivyo, kama sehemu ya viti vya majimbo ingegawanywa kwa uwiano wa kura, kama inavyofanyika kwa viti maalum vya wanawake, chama kidogo cha wanyonge kisingelazimika kumezwa ili kipate mbunge.

Tangu 1995 hakuna Rais wa Muungano aliyetangazwa mshindi kwa chini ya nusu ya kura. Basi tunaogopa nini? Na Zanzibar, kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66. CCM ilikubali kutawala pamoja na wapinzani wake, na haikufa.

Lakini tusijidanganye. Sheria hufungua mlango tu. Haimpi mtu itikadi. Uwiano utaweza kuwaingiza wajamaa bungeni, na utaweza pia kuwaingiza wenye fedha na wenye ukabila. Ndiyo maana kazi ya elimu ya siasa haiwezi kuachiwa sheria.

Wajibu wa kada

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Vyama vya wanyonge viungane pale vinapokuwa na lengo moja lililojadiliwa na wanachama wao, na sheria ya uchaguzi iwe ya haki ili umoja huo ujengwe hadharani. Chama chetu hakina budi kuwa cha kwanza kulitaka hilo. Chama kinachofundisha makada wake dhuluma ya mwaka 1963 hakiwezi kuridhika na ushindi unaotokana na wengine kutawanyika au kuzuiwa. Ushindi wa namna hiyo hulegeza matawi, hunenepesha wababaishaji, na humfanya kada asahau njia ya kwenda kwa mkulima. Wazee wetu waliteremka Same kwa miguu wakidai haki. Sisi tupande milima hiyo hiyo kuwasikiliza watoto na wajukuu wao.