UTITIRI MWEKUNDU: ADUI WA BUSTANI WAKATI WA KIANGAZI

Ndugu mkimbizi mwenye bustani,

Kiangazi kikikolea, majani ya nyanya huanza kubadilika rangi na kukauka. Wengine husema ni ukosefu wa mbolea, wengine husema ni kijicho cha jirani. Mara nyingi ni utitiri mwekundu. Ukimtambua mapema utaokoa mboga za watoto, pamoja na zile chache unazouza ili upate chumvi na sabuni. Ukichelewa, bustani yote inaweza kukauka kabla nyanya hazijaiva.

UTITIRI NI NINI?
Ni jamaa ya buibui na kupe, mwenye miguu minane. Ni mdogo sana, karibu nusu milimita. Hukaa chini ya jani na kufyonza maji yake. Hupenda nyanya, biringanya, maharage na mnavu. Wakati wa joto kali, yai huweza kuwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hadi mbili, ndiyo maana huongezeka upesi.

UTAMTAMBUAJE?
1. Jani lina vidoa vidogo vyeupe au vya njano, kama limenyunyiziwa unga.
2. Baadaye jani hugeuka rangi ya shaba, hukauka na kuanguka.
3. Utando mwembamba huonekana kwenye majani na vikonyo.
4. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vinukta vinatembea, ndiye.

UFANYE NINI?
1. Kagua chini ya majani mara mbili kwa wiki. Anza na mimea mizima, malizia na yenye ugonjwa, kwa sababu utitiri husafiri kwenye nguo na mikono.
2. Chuma majani yaliyoathirika, yatie mfukoni, uyafukie shimoni. Usiyachome karibu na nyumba za turubai.
3. Mwagilia mimea isikae na kiu, na osha vumbi chini ya majani. Utitiri hupenda mimea mikavu yenye vumbi, hasa kando ya barabara.
4. Kwangua sabuni ya mche, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani machache, ungoje siku moja. Yasipoungua, lowesha mimea yote jioni, hasa chini ya majani. Rudia baada ya siku tano, kwa maana mayai hayafi.
5. Baada ya mavuno, ng'oa mabaki yote na mnavu wa porini. Msimu unaofuata panda vitunguu au kabichi mahali hapo.

HADHARI
Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Hujui ni dawa gani, na mtoto anaweza kuinywa. Tena, dawa nyingi za wadudu hazimuui utitiri. Huua wale wanaomla, naye akazidi kuongezeka. Ukipata dawa ya utitiri yenye maandishi, fuata maelekezo na hesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Jirani yako akiwa na utitiri, nawe utampata, kwa kuwa hupeperushwa na upepo. Kwa hiyo kagueni bustani zenu pamoja, safu kwa safu, na mjulisheni mhamasishaji wa kilimo wa eneo lenu mapema.