Umeme Uanzie Ndege Inapoegeshwa

Ndege ikishaegeshwa, injini zake kubwa huzimwa, lakini kelele haziishi. Ukisimama nyuma ya Boeing 737 utasikia mvumo mkali kutoka mkiani. Humo mna injini ndogo ya ziada inayozalisha umeme wa taa na vyombo vya rubani, na kuendesha kiyoyozi. Chini ya ndege hupishana mitambo ya dizeli: matrekta ya mizigo, ngazi, mikanda ya kupakia masanduku, jenereta za kukokotwa, na lile trekta zito linalosukuma ndege kinyumenyume.

Magari haya yanafaa sana kutumia betri. Huenda polepole, hayatoki uwanjani, na muda mwingi husubiri huku injini ikinguruma bure, ilhali mota ya umeme ikisimama haili chochote. Hata uzito wa betri, ambao barabarani ni mzigo, hapa ni faida. Trekta la kusukuma ndege lisipokuwa zito, magurudumu yake yatateleza. Ndiyo maana hata la dizeli hutengenezwa zito makusudi. Wala si jambo geni: matrekta ya mizigo ya betri yamekuwepo kwa miongo mingi, na mwaka 2015 uwanja wa Schiphol, Uholanzi, uliingiza mabasi 35 ya umeme ya kuwapeleka abiria kwenye ndege.

Ugumu uko kwenye kuchaji. Ndege huja kwa mafungu, na zikitua nne kwa mpigo, kila trekta linahitajika kwa wakati mmoja. Zikishaondoka, yote yanataka umeme kwa pamoja. Kwa hiyo chaja ziwekwe karibu na maegesho, ili dereva achomeke hata kwa dakika 20 akisubiri ndege nyingine. Betri za zamani za risasi na asidi huharibika mapema zikichajiwa nusu nusu namna hiyo. Za lithiamu huvumilia. Meneja anayenunua magari kabla ya kuuliza transfoma yake inabeba mzigo gani anatafuta balaa.

Lakini tupige hesabu kwanza. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Ile injini ya mkiani, kwa ndege ya ukubwa wa 737, hula kilo 100 hivi za mafuta kwa saa, na kila kilo hutoa kilo 3.16 za gesi hiyo. Saa moja ya mvumo ule, basi, ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 115 za dizeli. Trekta la mizigo halifikii hapo hata likifanya kazi kutwa.

Uwanja wa Moi, Mombasa, ulilishika jambo hili kwa upande wake sahihi. Kwa fedha za Umoja wa Ulaya na usimamizi wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ulijengewa mtambo wa sola wa takriban kilowati 500, pamoja na vifaa vya kuipa ndege iliyoegeshwa umeme na hewa baridi. Hewa hiyo si anasa: kwa joto la Mombasa, umeme ukija bila ubaridi, rubani ataiwasha tena injini ya mkiani. Umeme wenyewe hauchomekwi moja kwa moja, kwani ndege hutumia volti 115 za hezi 400, wakati gridi yetu ni hezi 50. Lazima pawe na mashine ya kuubadili. Usiku jua halipo, lakini gridi ya Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua, hivyo faida haipotei.

Kwa uwanja wenye fedha za kuanzia jambo moja tu, ushauri wangu ni huu: anza na umeme na hewa baridi ya maegesho, kisha matrekta ya mizigo, mitambo mizito isubiri. Na mamlaka za usafiri wa anga zitunge kanuni ya kuzima injini ya mkiani pale huduma hiyo ilipo, kama Zurich na Copenhagen zinavyobana matumizi yake. Bila kanuni, vifaa vitanunuliwa na mafuta yataendelea kuungua.